Kasi na Jumla: Kalkulasi Tumizi kwa Mwanafunzi Asiye wa Hisabati

Makala haya yananuia kufafanua dhana moja inayowatatiza wanafunzi wengi wa uchumi, biashara na biolojia wanaosoma kalkulasi tumizi katika muhula wa pili, nayo ni uhusiano baina ya kasi ya badiliko na jumla. Kwa kawaida, muhula wa kwanza huwafunza kutafuta kasi pale ambapo jumla inajulikana. Muhula wa pili huligeuza swali: kasi ikijulikana, jumla ni ipi?

Chukua mfano wa pipa tupu linalotiwa maji. Mfereji unafunguliwa polepole hivi kwamba, baada ya dakika t, maji yanaingia kwa kasi ya lita 2t kwa dakika. Mwishoni mwa dakika ya tatu, kasi ni lita 6 kwa dakika. Mwanafunzi mwenye pupa huzidisha 6 kwa 3, akapata lita 18. Amekosea, kwani kasi hiyo haikuwapo tangu mwanzo. Grafu ya kasi ikichorwa, eneo lililo chini ya mstari ni pembetatu yenye kitako cha 3 na kimo cha 6. Eneo hilo ni 9. Pipa, basi, lina lita 9.

Ujumlishaji wa aina hii ndio ambao Gottfried Leibniz aliuteulia alama ya S iliyorefushwa mnamo 1675. Herufi hiyo inaanza neno la Kilatini summa, yaani jumla. Kumbe alama inayowatisha wengi ni neno lililofupishwa tu!

Aidha, kutotenganisha kasi na jumla hujitokeza katika matumizi ya lugha. Redio ikitangaza kwamba mfumko wa bei umepungua, wapo wasikilizaji wanaotarajia unga ushuke bei. Hebu bidhaa ya shilingi 100 ipande kwa asilimia 10 mwaka wa kwanza, na kwa asilimia 5 mwaka wa pili. Bei inakuwa shilingi 110, kisha 115.50. Kasi imepungua ilhali bei imepanda. Mfasiri anayeandika kwamba bei zimeshuka huwapotosha wananchi, hata kama sarufi yake ni sanifu.

Ni bayana, basi, kwamba somo hili haliwahusu wanahisabati pekee. Mwanahabari, mfasiri na mwalimu wa Kiswahili hawana budi kujiuliza kila wanapokumbana na neno "kupungua": je, kilichopungua ni kitu chenyewe au ni kasi ya kuongezeka kwake?