Buibui Afuataye Harufu ya Miguu ya Mtu

Buibui hana pua, wala vipapasio vya kunusia kama wadudu. Mwaka 2025 wataalamu walitangaza kwamba madume wa aina nyingi wana vinyweleo vya kunusia miguuni, vyenye vitundu vidogo mno.

Kando ya Ziwa Victoria, katika Kenya na Uganda, yuko buibui mdogo arukaye, Evarcha culicivora. Mtu aweza kumponda ukutani asijue kazi yake. Sumu yake haimdhuru mtu. Humwulia mbu, naye humchagua yule aliyekwisha kunywa damu, hasa anofelesi, aenezaye malaria. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2011, aliwekewa harufu ya soksi safi na ya soksi iliyovaliwa. Akaielekea ile ya pili, ambayo pengine hata mwenyewe huikimbia! Penye watu ndipo apatapo mbu walioshiba.