Msimamizi Mwema Hujifunza Kazi Yake

Mkatekumeni haendi peke yake kwenye maji ya ubatizo. Kando yake asimama Mkristu aliyemtangulia katika imani. Huyo huitwa msimamizi, au baba wa ubatizo, au mama wa ubatizo. Wako wadhanio kwamba kazi yake ni kuweka mkono begani siku ya sikukuu na kutoa nguo nyeupe, basi. Wanajidanganya. Kazi yake yaanza kabla ya siku ile, wala haiishi jioni yake. Tena, yeye abatizwaye leo, kesho ataombwa kumsimamia mwingine. Kwa hiyo yafaa kila mkatekumeni aijue kazi hiyo mapema.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yataka kwa kawaida msimamizi awe ametimiza miaka 16, awe Mkatoliki aliyepokea Kipaimara na Ekaristi, na mwenendo wake upatane na imani. Baba na mama wa kumzaa mtoto hawawezi kumsimamia. Lakini mtu aweza kutimiza hayo yote, asijue bado kuongoza. Kuongoza ni kazi. Hujifunzwa kama ufinyanzi na useremala.

1. Asikilize kwanza. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 8, chasimulia habari za Filipo na mtu wa Ethiopia aliyekuwa akisoma garini mwake. Filipo hakuanza kuhubiri. Aliuliza kwanza kama yule mtu ayafahamu ayasomayo. Akaalikwa, akapanda, akaketi karibu naye, akaanza kumweleza kutoka maneno yaleyale aliyokuwa akisoma. Afundishaye kabla ya kuuliza amwaga maji juu ya mtungi wenye kifuniko.

2. Aonye kwa faragha. Mkatekumeni amekosa mafundisho majuma matatu. Msimamizi mmoja amkaripia mbele ya watu. Naye, kwa haya, harudi tena. Msimamizi mwingine aenda nyumbani kwake jioni, akakuta mke ni mgonjwa na shamba la mihogo limejaa majani. Siku ya pili aja na jembe lake, wakalima pamoja. Dominika wawili hao waonekana kanisani. Ndivyo Bwana wetu alivyoagiza: ndugu akikosa, aonywe kwanza pasipo watu.

3. Mwenendo wake uwe fundisho. Mkatekumeni humtazama msimamizi wake sokoni, penye pombe, na siku ya kulipa deni. Akiona mambo mengine kuliko yale aliyoyasikia, atayafuata aliyoyaona.

4. Amzoeze kusimama mwenyewe. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Mtakatifu Yosefu Mukasa Balikuddembe wa Uganda alibatizwa mwaka 1882, naye alikuwa mtumishi katika jumba la mfalme. Mwezi wa Novemba wa mwaka uleule mapadri waliondoka nchini, wasirudi ila mwaka 1885. Mukasa alikuwa Mkristu mpya, hata mwaka haujatimia tangu ubatizo wake. Hata hivyo yeye na wenzake waliendelea kuwafundisha vijana wa jumba. Tarehe 15 Novemba 1885 aliuawa kwa amri ya mfalme Mwanga.

Je, wanafunzi wake walitawanyika? La. Siku ileile Karoli Lwanga, aliyekuwa mkatekumeni, alipokea ubatizo, akaishika kazi ya Mukasa. Mwezi wa Mei 1886, hatari ilipokaribia, Lwanga mwenyewe aliwabatiza baadhi ya wakatekumeni. Mmoja wao alikuwa Kizito, kijana wa miaka 14 hivi. Tarehe 3 Juni wote wawili waliifia imani huko Namugongo. Papa Paulo VI aliwatangaza kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, pamoja na Mukasa na wenzao.

Kama Mukasa angaliwafundisha vijana kumtegemea yeye tu, imani yao ingalizikwa pamoja naye. Aliwafundisha kumtegemea Mungu. Ndiyo maana walisimama. Na yule mtu wa Ethiopia vilevile: baada ya ubatizo hakumwona Filipo tena, lakini alishika njia yake akifurahi. Basi msimamizi ajiulize mara kwa mara: Nikiondoka leo, huyu atasali? Atasamehe? Atamfundisha mwingine?

MASWALI
Kwa nini Filipo aliuliza kabla ya kufundisha?
Msimamizi amwonyeje aliyekosa?
Kifo cha Mukasa chaonyesha nini juu ya mafundisho yake?

AZIMIO LA JUMA
Kila mkatekumeni amtafute mwenzake aliyekosa mafundisho, amsikilize mpaka amalize maneno yake, kisha amwalike waje pamoja.