Kibanda cha Usiku Mmoja Nyikani Isiolo

Gari limegoma ndani ndani, mbali na barabara ya Archer's Post, na simu haina mtandao. Tulia. Fundi wa kuigwa yupo: mama wa Kisomali hujenga nyumba kwa fito na mikeka bila msumari hata mmoja, na siku ya kuhama huifungua akaipakia juu ya ngamia.

1. Anza saa kumi jioni. Hapa ni karibu na ikweta, jua likishazama giza halikawii. Na miiba ya uzio haikatwi kwa kupapasa.

2. Usilale kwenye laga, yaani mkondo wa mto uliokauka. Najua mchanga wake unavutia kama godoro. Lakini mvua yaweza kunyesha milimani, wewe huoni hata wingu, na maji yakakukuta usingizini. Machi 2010 mto Ewaso Nyiro ulifurika ukasomba kambi nzima za watalii kule Samburu, seuze kibanda chako! Panda ukingoni, kisha upande tena kidogo.

3. Ogopa kivuli cha mgunga uliojaa maganda. Ndovu huyapenda mno, na usiku hagongi hodi. Ukiona kinyesi kibichi, hama.

4. Jenga kidogo. Wale mabingwa wa porini wa kwenye televisheni hujenga kasri la magogo. Huku magogo utayatoa wapi? Tafuta fito kumi hivi za mkone, ndefu kukupita. Mbichi ni bora, kwani kavu zitakatika ukizipinda. (Ukiwa ndani ya hifadhi usikate kitu: turubai la gari linatosha.) Chimba vishimo vya shubiri moja kwa duara, simika fito, vuta vichwa vikutane katikati, ufunge. Kamba? Chana ukuti wa mkoma vipande vyembamba, uvisokote viwili viwili pajani. Ukiketi ndani, nywele ziguse paa. Hapo joto la mwili halipotei. Umbo liwe mgongo wa kobe, upepo upite juu. Ezeka kwa makuti kuanzia chini kwenda juu, na mlango uupe upepo kisogo.

5. Zungushia kibanda matawi ya kikwata. Miiba yake imepinda kama ndoana, na fisi anaijua. Shika shina, buruta, matawi yatazame nje. Tawi la mwisho livute nyuma yako ukishaingia. Mnyaa usiuguse, utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa.

6. Fagia sakafu, geuza kila jiwe. Nge hupenda mahali ulipopapenda wewe. Viatu vikung'ute kabla ya kuvaa, hata kama ulilala navyo kichwani.

Asubuhi usitangetange, kaa karibu na gari. Ukisikia kengele ya mbao ikigongagonga, huyo ni ngamia, na mchungaji wake hayuko mbali. Piga ukelele.