Upande wa pili wa sahani

Swali: Mjomba wangu wa Iringa ana sahani ya "Tequila", saksafoni karibu mwanzo hadi mwisho. Ilitoka wapi? (Msomaji, Mbeya)

Jibu: Ndugu msomaji, ni ya The Champs wa Marekani, 1958. Kampuni ya kurekodi ilitegemea "Train to Nowhere". "Tequila" ilijazia tu upande wa pili. Watangazaji wa redio wakaigeuza sahani, na kufikia Machi ikashika namba moja. Aliyeitunga na kupuliza saksafoni ni Danny Flores. Hata lile neno moja linalosikika, "Tequila", analitamka yeye. Alijiita Chuck Rio kwa sababu mkataba wake ulikuwa kwingine. Ukiupenda mpulizo huo, mtafute pia King Michael Enoch wa bendi ya Mlimani Park: mpiga gitaa hodari aliyepuliza pia saksafoni na kuipa saksafoni ya dansi letu utamu wake.