Simu Inapougua, Tuanze Wapi?

Wasomaji wetu, siku hizi mtu akiona simu yake ya Android imekuwa nzito, au haishiki chaji, au inajizima yenyewe, mara humkimbilia fundi, na fundi naye mara nyingi husema neno moja tu: "Tuiflashi." Maana yake ni kufuta vyote vilivyomo na kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani. Pengine simu hupona. Lakini mwenyewe afikapo nyumbani huona ya kuwa picha za marehemu baba yake hazimo, namba za jamaa hazimo, na hesabu za kikundi cha akiba alizoziandika mwaka mzima hazimo. Tena ugonjwa wenyewe pengine ulikuwa mdogo, ungaliponywa bila kufuta hata picha moja. Basi mwezi huu twataka kujifunza utaratibu wa kutafuta ugonjwa wa simu. Kanuni yake ni hii: tuanze na dawa isiyoondoa kitu, twende polepole kwenye ile iondoayo kidogo, na ile ifutayo vyote iwe ya mwisho, tena baada ya kujiandaa.

Kwanza tujue ya kwamba Android si jina la simu, bali ni jina la mfumo wa programu uiongozao simu. Kampuni iliyouanzisha iliundwa Marekani mwaka 2003, Google wakainunua mwaka 2005, na simu ya kwanza yenye mfumo huu iliuzwa mwaka 2008. Leo Samsung, Tecno, Infinix, Xiaomi na wengine wengi huutumia mfumo huo huo, lakini kila mmoja huupamba kwa namna yake. Kwa hiyo msomaji akiona jina la kitufe katika simu yake si sawasawa na tulivyoandika hapa, asifadhaike. Afungue Mipangilio, na upande wa juu ataona mahali pa kutafutia. Aandike neno, naye ataonyeshwa. Na yule ambaye Kiingereza chamtatiza aweza kubadili lugha ya simu iwe Kiswahili, humo humo kwenye Mipangilio.

Dawa ya kwanza watu huicheka kwa kuwa ni rahisi mno: kuzima simu na kuiwasha tena. Sababu yake ya kusaidia ni hii. Kila programu tunayoifungua hukalia sehemu ya kumbukumbu ya kazi, na nyingine hazitoki vema zikimaliza. Simu ikikaa majuma mengi bila kuzimwa, takataka hizo hulimbikizana. Kuizima huyaondoa yote, wala picha na barua hazidhuriki. Simu ikiganda hata haisikii kidole, mtu aibonyeze ile swichi ya kuwashia asiiachie, kama nusu dakika. Simu nyingi zitajizima na kujiwasha zenyewe. Nyingine hutaka swichi ya sauti ishikwe pamoja nayo.

Ikiwa uzito unarudi, tutazame nafasi. Hili ndilo kosa tulionalo mara nyingi kuliko mengine yote, hasa katika simu za bei nafuu. Simu iliyoandikwa gigabaiti 32 haimpi mwenyewe zote 32, maana mfumo wenyewe umekwisha kuchukua fungu kubwa. Zinazobaki hujazwa na nini? Mara nyingi si na picha zetu, bali na video za makundi ya WhatsApp, video ile ile moja ikiletwa na makundi matano. Google wenyewe huonya ya kuwa nafasi iliyobaki ikipungua chini ya asilimia 10, simu yaweza kuanza kusumbua. Basi tufungue mipangilio ya WhatsApp, mahali pa hifadhi, nayo itatupangia mafaili makubwa kwanza na yale yaliyotumwa mara nyingi. Tuyafute hayo. Kisha tuzuie video zisijipakue zenyewe, la sivyo baada ya mwezi tutakuwa pale pale.

Hapa pana mitego miwili, na yatupasa kuieleza taratibu. Katika Mipangilio, kila programu ina vitufe viwili vikaavyo karibu karibu. Kimoja hufuta akiba, yaani vitu ambavyo programu iliviweka kando ili ifanye kazi upesi. Hicho chaweza kubonyezwa bila hofu. Cha pili hufuta data au hifadhi yote ya programu hiyo, nayo hurudi kama siku ilipowekwa, na yaliyokuwamo hupotea yasipokuwa na nakala mahali pengine. Mtu asome kabla ya kubonyeza. Mtego wa pili umo katika programu ya Picha ya Google. Wengine hudhani ya kuwa picha ikiisha kupelekwa kwenye hifadhi ya Google, waweza kuifuta katika simu na ile nyingine itabaki. Sivyo. Ukiifuta ndani ya programu hiyo, waifuta pande zote mbili. Kiko kitufe chake maalumu cha kuongeza nafasi, ambacho huondoa nakala ya simuni tu. Aliyekwisha kufuta kwa bahati mbaya aende upesi kwenye pipa la taka la programu ile: picha zilizokuwa zimehifadhiwa Google hukaa humo siku 60, na zisizohifadhiwa siku 30.

Tena kuna programu zinazojitangaza kuwa zasafisha simu na kuiongezea mbio. Kwa maoni yetu nyingi hazifai kitu. Zenyewe hula nafasi, hujaza skrini matangazo, nazo hufanya kazi ambayo simu yaweza kuifanya bila wao.

Sasa chaji. Simu isiyopokea chaji isihukumiwe kuwa betri imekufa. Tujaribu waya mwingine, kisha kichwa kingine cha chaja, kisha soketi nyingine, kimoja baada ya kimoja, ili tujue kosa liko wapi. Halafu tuizime simu na kutazama ndani ya tundu la chaji kwa mwanga. Simu ikaayo mfukoni hukusanya nyuzi za nguo na vumbi, na kila tuchomekapo waya twayashindilia ndani, mpaka waya haufiki mwisho. Kijiti cha mti cha kuchokolea meno, kwa mkono mwepesi, huyatoa, sindano isitumike. Wako watu waliolipia tundu jipya kumbe la zamani lilikuwa limejaa pamba tu. Ama betri yenyewe, ni ya lithiamu, nayo huzeeka kwa kutumika. Nyingi zikiisha kuchajiwa kamili mara 500 hivi hubaki na kama asilimia 80 ya nguvu za kwanza. Adui yake mkubwa ni joto: simu iliyoachwa juani dirishani, au iliyochajiwa chini ya mto wa kulalia. Betri iliyovimba hata ikainua kioo isitobolewe wala kuchajiwa tena. Yaweza kuwaka moto. Na simu iliyoingia maji izimwe mara moja, isichomekwe kwenye umeme, iachwe ikauke penye upepo. Mchele hausaidii, huacha unga wake tunduni.

Kuhusu mtandao tutasema kwa ufupi. Tuwashe hali ya ndegeni kwa nusu dakika na kuizima, ili simu iutafute mnara upya. Na ikiwa salio la data lipo lakini kurasa zakataa kufunguka kwa madai ya kuwa si salama, tutazame tarehe ya simu. Kurasa nyingi za intaneti zina hati za uthibitisho zenye siku ya kuanza na siku ya kuisha. Simu iliyoishiwa chaji kabisa ikaamka na tarehe ya miaka iliyopita huziona hati hizo zote kuwa batili.

Ikiwa simu ilianza kuugua baada ya kuwekewa programu fulani, tufanye hivi. Katika simu nyingi, ukishika swichi mpaka neno la kuzima litokee, kisha ukalibonyeza neno hilo bila kuachia, simu itakuuliza kama wataka kuingia katika hali salama. Humo programu ulizoziongeza mwenyewe hulala, hubaki zile za simu tu. Ikitulia humo, mkosaji ni mmoja wa zile ulizoziongeza. Ziondoe moja moja, ukianza na ya mwisho. Ukizima na kuwasha, simu hutoka katika hali hiyo.

Yako pia malalamiko ambayo si ugonjwa hata kidogo. Mzee asemaye simu yake ni mbovu kwa kuwa haoni maandishi akuziwe herufi katika Mipangilio ya onyesho. Asiyeona kabisa aweza kusomewa yaliyo kwenye skrini, ingawa kwanza hana budi kujifunza namna mpya ya kugusa. Aliyechoka kuandika kwa kidole abonyeze alama ya maikrofoni kwenye kibodi ya Google aseme; Kiswahili kiliongezwa humo mwaka 2017. Ambaye vifurushi vyake vyaisha upesi awashe Kiokoa Data, kizuiacho programu zisitumie intaneti kwa siri. Na anayetaka kumpa jirani faili kubwa la nyimbo halazimiki kulipia data: simu mbili zikiwa karibu hupelekeana kwa njia ya Quick Share.

Hata sasa simu haijapona? Ndipo tufikiri habari ya kufuta vyote. Lakini kabla ya hapo kuna swali moja, nalo ndilo lililotufanya tuandike somo hili: je, waijua akaunti yako ya Google na nywila yake? Wengi hawaijui. Siku waliponunua simu, muuzaji aliwafungulia akaunti kwa haraka, kwa jina alilolibuni, akatia nywila ambayo yeye mwenyewe ameisahau. Kwa miaka mitatu hapana aliyeiuliza. Basi tangu Android 5.1 ya mwaka 2015 umewekwa ulinzi dhidi ya wezi: simu ikifutwa kwa kutumia swichi za ubavuni, haifunguki tena mpaka itiwe ile akaunti ya zamani, au katika simu nyingi namba ya kufungulia skrini iliyokuwako. Ulinzi huu ni mwema, lakini hauwezi kupambanua mwizi na mama aliyesahau. Vilevile simu za miaka hii huandika vyote kwa msimbo wa siri, na ufunguo wake huharibiwa simu inapofutwa. Kwa hiyo picha zilizofutwa namna hiyo, kama hazina nakala kwingine, hakuna fundi awezaye kuzirudisha, hata akilipwa nini.

Kazi hii hufanywa simu ikiwa nzima, maana akaunti iliyo wazi hurekebishwa kwa urahisi kuliko iliyofungwa. Fungua Mipangilio, uingie penye Google, usome anwani iliyoandikwa juu. Badili nywila iwe unayoijua, uiandike kwenye daftari likaalo nyumbani. Tia namba yako ya simu iliyo hai kuwa namba ya kurejeshea. Laini isiyotumika muda mrefu huweza kupewa mtu mwingine. Kisha washa kuhifadhi nakala. Jihadhari, nakala ya simu si nakala ya WhatsApp: hiyo huwashwa ndani ya WhatsApp yenyewe, mahali pa gumzo. Google hutoa gigabaiti 15 bure kwa vyote pamoja, barua, picha na mafaili. Asiyetosheka nazo anakili picha zake kwenye kadi ya kumbukumbu au kompyuta ya mtu amwaminiye. Na ambaye hana budi kumwachia fundi simu aitoe laini kwanza, wala asimtajie namba ya siri ya pesa.

Mwenye kuuza simu au kumpa mwanawe afuate mpango huo huo kinyumenyume: ahifadhi nakala, aiondoe akaunti yake katika Mipangilio, atoe laini na kadi, ndipo aifute simu humo humo kwenye Mipangilio, wala si kwa swichi za ubavuni. Aiwashe mbele ya yule anayeipokea, waone pamoja ya kuwa haiulizi akaunti ya mtu.