Kutyuni Piano Mwenyewe Nyumbani

SWALI: Ninaishi Kibaha na nina piano ya zamani. Je, naweza kujifunza kuityuni mwenyewe?

JIBU: Unaweza, ukiwa na subira. Piano ya kawaida ina vibao 88, lakini nyuzi zake hupita 200, kwa kuwa noti nyingi zina nyuzi tatu kila moja. Anzia hapo. Chagua noti ya katikati, ziba uzi mmoja kwa kabari ya mpira, usikilize mbili zilizobaki. Zisipolingana, sauti huyumba: wau, wau, wau. Zungusha kigingi cha uzi mmoja kidogo kidogo mpaka kuyumba kuishe. Zoezi hili lifanye kwa wiki kadhaa kabla ya kugusa oktava. Programu ya simu itakupa A ya hezi 440. Mengine ni kazi ya sikio.

Nunua spana ya piano yenyewe, maana spana ya gereji hula pembe za vigingi. Uzi wenye kutu usiukaze kwa nguvu. Ukikatika unaweza kukutoboa jicho.

Kisha kuna mvua. Wapiga ngoma wa Kizaramo kule Kisarawe huzikausha ngoma kwa moto, kwani ngozi yenye unyevu hulegea. Piano hufanya kinyume: ubao wake wa sauti huvimba, hukaza nyuzi, na noti za katikati hupanda. Kwa hiyo usityuni masika ikiwa imepamba moto. Subiri Juni au Julai.

Vigingi vikirudi nyuma mara tu unapoviachia, mbao inayovishika imechoka. Hapo mwite fundi.