Mikono ya Musa Ilichoka

Somo la wiki hii ni Kutoka 17:8-13. Soma mistari hiyo kwanza, halafu urudi hapa.

Hadithi tunaijua. Waamaleki wanavamia Israeli pale Refidimu, Yoshua anaenda vitani, Musa anapanda kilimani na Haruni na Huri. Mikono ya Musa ikiwa juu, Israeli wanashinda. Ikishuka, Amaleki anashinda. Sana sana huwa tunahubiri kuinuliwa kwa ile mikono. Leo wacha tuangalie kwa nini ilishuka.

Msuli ni nyama. Ukichemsha nyama ya ng'ombe mpaka iive kabisa, unaona inachanika nyuzi nyuzi. Ndani ya kila uzi kuna nyuzi nyembamba zaidi, na ndani ya hizo kuna protini za aina mbili zilizopangwa zikipishana: miosini, ambayo ni nene na ina vichwa vidogo vidogo, na aktini, ambayo ni nyembamba. Ubongo ukituma ujumbe kupitia mishipa ya fahamu, madini ya kalsiamu yanamwagika ndani ya uzi, na vile vichwa vinapata nafasi ya kushika aktini na kuivuta. Protini zenyewe hazifupiki. Zinateleza moja kando ya nyingine, na msuli mzima ndio unafupika. Wanasayansi walieleza hivyo mwaka wa 1954, makundi mawili tofauti, na katika kila kundi kulikuwa na mtu anayeitwa Huxley. Wala hawakuwa ndugu!

Fikiria mtu anayevuta ndoo kutoka kisimani kwa kamba. Anashika, anavuta, anaachilia mkono mmoja, anashika tena mbele. Asipoachilia, ndoo haipandi. Miosini nayo ni vivyo hivyo, na jambo lililonishangaza ni kwamba kuachilia kunagharimu. Kichwa cha miosini hakiachi aktini mpaka kipate ATP, ambayo ni kama pesa taslimu ya mwili (nilisomea biashara, mnivumilie). Tena ili msuli ulegee, ile kalsiamu lazima isukumwe irudi ghalani, na kazi hiyo pia inalipiwa kwa ATP. Waliowahi kuvisha mwili wa marehemu wanajua jinsi unavyokakamaa baada ya saa chache. ATP imeisha, vichwa vimeshika, na hakuna cha kuviachilia.

Kwa hivyo msuli uliolegea usiuite mvivu. Umelipa ndio ukalegea.

Sasa rudi kilimani. Musa alikuwa mzee wa miaka 80 hivi, ukisoma Kutoka 7:7. Mkono ukikaa juu muda mrefu, misuli ya bega haipati nafasi ya kulegea. Inabana mishipa midogo ya damu iliyo ndani yake, oksijeni inafika kwa shida, na mkono unaanza kutetemeka. Musa hakuwa amepungukiwa na imani. Hakuna mahali tunaposoma kwamba Haruni alimwambia, "Mtumishi, kaza!" Walimtafutia jiwe akakaa, kisha mmoja akashika mkono huku na mwingine kule, mpaka jua likatua. Na huyo Haruni alikuwa mkubwa wake kwa miaka mitatu.

Kuna dada anayemuuguza mamake aliyepooza. Usiku anaamka kumgeuza kitandani, asubuhi anafungua kibanda chake cha mboga. Alipoomba apumzishwe zamu ya kesha ya Ijumaa, akaambiwa imani yake imeshuka. Amenikubalia niseme haya bila kumtaja jina. Neno lile halikutoka kwa Mungu, na aliyelisema ajue hivyo. Alihitaji jiwe, akapewa mzigo juu ya mzigo.

Viongozi wa idara, kwaya na maombezi mkiwemo, ratiba zenu za mwezi ujao ziwe na watu wawili kwa kila zamu, ili mmoja akiomba kupumzika asiulizwe maswali.

Kwenye ushirika wa nyumbani wiki hii, kila mtu ainue mikono juu, na mmoja aangalie saa. Wenye shida ya bega wakae tu. Mikono ya mwenzako ikianza kushuka, ishike, usingoje akuombe. Halafu mjadili: katika nyumba zetu, ni nani anakesha na mgonjwa peke yake, na ni nani ataenda kumshikia usiku mmoja ili alale? Majina mniletee Jumapili baada ya ibada ya kwanza.